Mtani na Baiskeli Isiyo na Pedeli

Maskati,
Ijumaa, baada ya swala

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Najua utaitikia, hata kama moyo wako bado haujatulia juu yangu, kwa sababu tangu nikujue hujawahi kumnyima mtoto marahaba yake. Habari za tangu niondoke? Miguu inaendeleaje, bado inavimba jioni? Mke wangu Zuhura ameniambia kwamba huli, kwamba juzi alikupikia matobolwa ya viazi vikavu na karanga kama unavyopenda, ukaonja kipande kimoja tu na sahani ukampa mjukuu wako Rama. Mama, eda ni ya kukaa ndani, haikusema mtu ashinde njaa. Kula, hata kwa kunihurumia mimi ambaye sistahili.

Mimi mwili ni mzima. Joto la huku limeshaanza, ikifika mchana bati la ghala linalia utadhani linakaangwa, na jasho likikauka linaacha chumvi kwenye shati. Chumbani tuko wanne, mmoja Mpemba, wawili wa Bangladeshi, tunapika kwa zamu. Zamu yangu wanailalamikia kwa sababu ya karanga. Wanasema Mnyamwezi akipewa hata chai ataitia karanga. Nacheka nao, lakini siku hizi kila utani ukisemwa mbele yangu roho inanisuta.

Nimejaribu kukuambia haya kwa simu, Mama. Ukipokea tu na kusema, "Shabani, hujambo mwanangu," mimi naanza kuuliza habari za mvua. Naijua mvua ya Tabora kuliko watabiri wenyewe kwa namna ninavyoiulizia. Basi nimeamua kuandika kwa mkono. Barua nitampa mwenzangu mmoja wa Nzega anayekuja likizo, atapita hapo Chemchem kabla hajaenda kwao.

Nianze na baiskeli, kwa sababu ndiyo iliyoanzisha yote, na kwa sababu hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kuelezwa vizuri ni kitu gani.

Baiskeli ile niliinunua palepale kazini. Tunapokea makontena ya vitu vya watoto: vitanda, vigari vya kusukuma, viti vya kulia chakula, na hizi baiskeli ambazo watu wa huku wanazipenda sana. Hazina pedeli, hazina cheni, hazina breki. Si kwamba zimevunjika njiani, wala hazikuibiwa vipuri bandarini kama alivyosema Shangazi Tatu. Ndivyo zinavyotengenezwa. Mtoto anakaa, miguu inafika chini, anajisukuma, anajisukuma, halafu siku moja ananyanyua miguu yote miwili na kitu kinakwenda chenyewe. Hapo ameshajua kukaa sawasawa juu ya magurudumu mawili, na akipewa baiskeli ya kweli hahitaji mtu wa kumshikia nyuma. Mimi nilishikiwa na Baba. Unakumbuka alivyokuwa akikimbia na ule mguu wake mbovu uwanjani, ameshika siti? Nikimwona amechoka nilikuwa naanguka makusudi ili apumzike.

Sasa ziko za aina mbili. Ile nzuri ina matairi ya kujaza upepo, beringi za chuma, na breki ndogo inayotosha kiganja cha mtoto. Ile rahisi ina matairi ya sponji, bushi za plastiki mahali pa beringi, na kiti kigumu kama kibao cha mbuzi. Mimi nilichukua ile rahisi. Tena ilikuwa ya boksi lililochanika, ambayo haiwezi kupelekwa dukani tena, na mkuu wa zamu akaniachia kama mtu anayesafisha kona.

Nilijifariji kwa maneno mengi. Kwamba matairi ya sponji hayapati pancha, na miiba ya Chemchem tunaijua. Kwamba ni nyepesi, Rama ataivusha kizingiti mwenyewe bila kumwita mama yake. Kwamba haina cheni ya kula kanzu ya mtoto. Kwamba mtoto anakua, kabla hujageuka magoti yanafika kwenye usukani na baiskeli inabaki ya kuanikia nguo, sasa kitu cha bei ghali cha nini? Yote hayo ni kweli. Lakini sikuichagua kwa sababu hizo. Niliichagua kwa sababu ndiyo niliyoimudu, na sababu nikazitafuta baadaye.

Kasoro zake nazo nilizijua, maana vitu hivi vinarudishwa ghalani na wateja kila wiki. Bushi za plastiki zikiingia mchanga zinaanza kulia, na Tabora yetu ni mchanga. Sponji haishiki vizuri palipo na vumbi. Bolti inayobana usukani ni ya chuma laini, ukiikaza sana inalika, ukiilegeza usukani unazunguka. Na kwenye mteremko hakuna cha kusimamisha isipokuwa nyayo za mtoto. Tafadhali mwambie Zuhura asimwachie Rama aende nayo kule kwenye mtaro. Acheze nayo barazani kwenye sakafu, hapo inafaa kabisa.

Baiskeli ilikaa chini ya kitanda changu ikisubiri likizo. Halafu ikaja ile simu ya msiba wa Baba.

Wewe unajua nilivyofika. Nilifika siku ya kuondoa matanga, Baba ameshazikwa, mimi mtoto wake wa kiume wa pekee niko angani nikiletewa juisi. Nilishuka kwenye bajaji na begi moja na boksi lililofungwa kwa kamba. Watu wakanipokea kwa vilio, na vilio vilipopungua niliona macho yakishuka kwenye boksi. Pengine nawasingizia. Pengine ni mimi mwenyewe niliyekuwa nikilitazama, nikiwaza kwamba mtu aliyekaa Maskati miaka yote ile, baba yake amekufa, amekuja na kitu kimoja, nacho ni cha bei ya chini kuliko vyote.

Baba Mdogo Maganga akatangaza uani, "Meneja amefika!" Ananiita hivyo tangu nilipoondoka, kwa sababu niliwahi kumwambia kwamba niko ghalani nasimamia mizigo. Sikumsahihisha siku hiyo ya kwanza, na sikumsahihisha siku zote zilizofuata. Jina lilikuwa tamu masikioni. Nalirudia hili hapo mbele, Mama, nivumilie.

Nikaiunganisha baiskeli kwa spana, Rama akaketi juu yake kwa furaha ambayo, Mungu ni shahidi, ilinipa pumzi kidogo. Akasukuma hatua chache, matairi yakazama mchangani. Akashuka. Akaitazama. Kisha akainama, akaiinua, akajitwika kichwani, akaanza kuzunguka nayo katikati ya wapishi na masufuria, ameshikilia magurudumu kwa mikono miwili.

Ndipo Mzee Kondo alipopata alichokuwa akikitafuta tangu asubuhi.

Hapa namtaja mtu unayemjua kuliko mimi, lakini acha niseme ni nani, maana siku ile nilijifanya simjui. Mzee Kondo ni Mzaramo aliyekuja Tabora kijana kufanya kazi ya reli, akapangwa genge moja na Baba kukarabati njia ya kwenda Urambo, na hakurudi pwani tena. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakifika kwao na mizigo na wao wakiwacheka miguu ilivyopasuka. Mtani haombi ruhusa. Msibani ndiko kazi yake iliko. Atachukua kitu cha marehemu, atamwigiza marehemu, atawatukana wafiwa mpaka wacheke, na mfiwa hakasiriki. Atateka chochote anachokipenda na mtakikomboa. Hata mtoto wa darasa la kwanza pale kwetu analijua hili. Mimi nililijua pia. Nilikulia ndani yake.

Alikuwa amevaa koti la Baba na kofia ya Baba, na tangu asubuhi alikuwa akichechemea kama Baba na kuagiza kahawa kwa sauti ya Baba. Mimi nilikuwa nimefika saa ile, sijamzoea hivyo. Kila nikigeuka namwona Baba kwa nyuma, halafu anageuka na si yeye.

Akamvamia Rama, akamtua ile baiskeli kichwani. "Jamani, njooni mwone!" akapiga kelele. "Mnyamwezi kapewa baiskeli, kaitwika! Babu zenu walitembea kwa miguu toka Ujiji hadi pwani, mizigo kichwani, sisi tumekaa kivulini tunawasubiri tunakula madafu. Leo mmepata baiskeli, na bado mnatembea kwa miguu! Nani kawaloga nyie watu?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Akaikalia, yeye na urefu wake wote, magoti yakapanda mpaka masikioni, akaanza kujisukuma mchangani akihema na kuugulia, koti la Baba linaburuta nyuma. "Haina pedeli!" akasema. "Haina cheni! Haina breki! Hii si baiskeli, huyu ni Mnyamwezi wa chuma, kazi yake kusukumwa!"

Na hapo, Mama, nikakusikia. Ulikuwa ndani na wanawake, pazia la mlango limeinuliwa kidogo, na nikasikia kile kicheko chako cha kukatika katika kinachoishia kwenye kikohozi. Shangazi Tatu aliniambia baadaye kwamba kilikuwa cha kwanza tangu Baba alipofariki. Wakati ule sikukipa uzito. Nilisikia kicheko, nikahesabu kwamba mama yangu mwenyewe ananicheka.

Mzee Kondo akasimamisha kitu chake mbele yangu. "Naichukua hii," akasema. "Marehemu aliniusia. Aliniambia, Kondo, nikifa chukua chochote kilichopungua. Mkiitaka leteni jogoo, tena awe na miguu yote miwili, maana nyie mna tabia ya kuleta vitu pungufu." Kisha akainuka, akanitazama mabega, akayashika kwa mikono yake yote miwili kama mtu anayenunua ng'ombe. "Na huyu eti meneja! Meneja gani? Haya ni mabega ya mpagazi. Nayajua mimi, wazee wangu ndio waliokuwa wakiwatua mizigo hawa."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Baba Mdogo alikuwa anajifuta machozi.

Sijui nieleze vipi kilichonipanda. Niliushika usukani nikauvuta kwa nguvu zangu zote, na yeye ameshaikalia tena. Ile bolti ikakubali, usukani ukazunguka, mzee akaanguka ubavu kwenye mchanga na kofia ya Baba ikabingirika hadi kwenye jivu la mafiga. Nikamwambia, na maneno haya nayaandika kama nilivyoyasema kwa sababu wote waliyasikia: "Mwizi mkubwa wewe! Mzee mzima huna haya? Baba yangu hata udongo haujakauka, unavaa nguo zake kuchekeshea watu? Toka kwetu!"

Rama akakimbilia kwa mama yake.

Mzee Kondo aliinuka taratibu, akajipangusa. Akaiokota kofia, akaipuliza jivu. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mkeka na kofia juu yake. Akaniambia, "Samahani sana, bwana." Akatoka. Bi Mwanaidi mkewe akauweka mwiko juu ya mfuniko wa sufuria, akajifunga upya kanga yake, akamfuata bila kuaga mtu.

Kwa ndani, nyuma ya pazia, hapakuwa na sauti yoyote.

Baba Mdogo alinipeleka nyuma ya jiko. Nilidhani atanipiga, na laiti angenipiga. "Mwanawane," akasema, "unajua nani alishuka kaburini kumpokea baba yako?" Nikasema sijui. "Ni nafasi ya mtoto wa kiume. Mtoto hakuwepo. Alishuka Kondo. Akapokea kichwa. Tulipomwambia apande, akagoma, akasema hatoki mpaka Wanyamwezi wote wamwite baba. Tukacheka, tukamwita baba. Alipopanda ndipo tukaona amelia mpaka shati limelowa. Huyo ndiye uliyemwita mwizi."

Mama, sina cha kujitetea hapo. Uchovu wa safari nilikuwa nao, uchungu nilikuwa nao, lakini hata wewe ulikuwa na uchungu, na ulicheka.

Jioni ile nilikwenda hadi mlangoni kwake. Ni nyumba ya nne tu kutoka kwetu. Nikamsikia ndani akikohoa, nikamsikia Bi Mwanaidi akimuuliza kama ubavu bado unamuuma. Mkono uliinuka kubisha hodi, ukashuka. Nikarudi. Nikakaa kwetu siku mbili nikijificha macho ya watu, nikijifanya napanga karatasi za Baba, kisha likizo ikaisha. Asubuhi nilipokuja kukuaga, uliniwekea mkono kichwani ukaniombea dua ndefu. Hukutaja neno lolote la siku ile. Nilitamani unigombeze kama zamani, nikavuka kizingiti bila kugombezwa.

Nilipofika huku nilimpigia Mzee Kondo. Nilikuwa nimejipanga kwa matusi yake. Wewe unajua, tangu nikiwa mdogo mzee yule hajawahi kuniita kwa jina. Aliniona siku ya kwanza mgongoni kwako, umenifunga kanga, akasema Wanyamwezi hata watoto wao ni mizigo, na toka siku hiyo mimi kwake ni Furushi. Furushi kapita darasa la saba! Furushi kaoa, nani atambeba mwenzake? Nilipoondoka kuja huku alikuja stesheni kuniambia kwamba kama nitapotea niandikwe ubavuni, "Rudisha Tabora."

Alipopokea simu nikamwamkia. Akaitika, "Marahaba, Bwana Shabani. Habari za huko? Wenzako wa huko kazini hawajambo?" Nikamwambia nimepiga kuomba radhi. Akasema, "Aa, hakuna neno, bwana. Wewe ulikuwa na msiba, mimi ndiye niliyekosea. Mungu akujalie kazi njema." Sauti yake ilikuwa ya upole, kama anazungumza na mtu wa benki. Nikamuuliza habari za mvua.

Nilikata simu nikakaa juu ya mkokoteni wa ghalani mpaka Mpemba wangu akaja kuniuliza kama nimepokea msiba mwingine. Nikamwambia ndiyo.

Zuhura ananieleza yanayoendelea, ingawa simuulizi. Kwamba Mzee Kondo hupita kila asubuhi, husimama nje ya ua, husema, "Hodi, poleni wafiwa, mmeamkaje?" akijibiwa huenda zake. Haingii. Hachukui kitu. Hamtukani hata Baba Mdogo, na Baba Mdogo amemchokoza mara mbili makusudi, akaambulia "Asante, ndugu yangu." Kwamba wewe ukisikia sauti yake pale nje unageuza uso ukutani. Na arobaini ya Baba inakaribia. Watu wa Kizaramo pale mjini wameshasema hawatakuja kama watani, watakuja kama wageni wengine, watakula wali na kuondoka. Arobaini ya mtu kama Baba, iliyojaa watu wenye adabu! Angeuliza ni msiba wa nani.

Baba Mdogo ameniambia ukweli ambao nilikuwa nauogopa. Samahani haitibu hili. Ukimkasirikia mtani na ukamwomba msamaha kwa upole, atakusamehe kwa upole, na hapo mmekwisha kuwa watu baki. Dawa ni akutukane tena. Na hawezi kukutukana mpaka ajue kwamba hutaumia, na hawezi kujua hivyo mpaka umpe mwenyewe kitu cha kukuchekea.

Nimekaa na jambo hilo wiki nzima. Na kitu cha kumpa ninacho, tatizo ni kwamba nilikuwa nakificha.

Mama, mimi si meneja. Wala si msimamizi. Kazi yangu ni kubeba. Kontena likifika tunaingia, tunatoa maboksi, mengine kwa mkokoteni, mengi kwa bega, kwa sababu mlango wa nyuma una ngazi na mkokoteni haupandi. Bega la kulia limeota sugu, nikivua shati Mpemba ananiambia nimeota nundu ya ng'ombe. Mzee Kondo aliliona ndani ya shati la mikono mirefu, kwa kulishika mara moja. Sikukasirika kwa sababu alitania msibani. Nilikasirika kwa sababu hakukosea. Nilikuwa nimesafiri mbali kote kule, nikapanda ndege, nikavuka bahari, nikaenda kufanya kazi ileile ya babu zangu, tena nikaiona aibu, nikarudi na baiskeli ya boksi lililochanika nikitaka iheshimiwe kama ya meneja.

Na aibu hiyo sasa inanionyesha ujinga wake. Kubeba si wizi. Baba alibeba mataruma ya reli na hakumficha mtu. Aibu iliyobaki, ambayo haitoki hata nikioga, ni ya kumwangusha mzee mchangani ili watu wasiujue ukweli wa mabega yangu.

Nilikusudia barua hii iwe ya macho yako tu. Nimebadili nia. Sikiliza ninachokuomba.

Kwanza, Zuhura aipeleke ile baiskeli mjini kwa yule Mhindi wa vipuri, anunue bolti ya chuma kigumu ya usukani na kuifunga sawasawa. Rama atalia, mwacheni alie kidogo. Kisha Zuhura amshike Rama mkono, waende kwa Mzee Kondo, waiache baiskeli mlangoni kwake. Asiseme maneno ya radhi hata moja. Aseme tu, "Mateka wako huyu, ulimwangusha njiani." Basi, arudi.

Siku ya arobaini Baba Mdogo aje na jogoo wa kuikomboa, mbele ya watu wote. Amchague vizuri, amhesabu miguu. Na kabla ya kumtoa jogoo, asimame aisome barua hii kwa sauti, yote, na pale penye habari ya bega langu asome taratibu, asiruke. Najua Baba Mdogo atataka kuruka, kwa sababu yeye ndiye aliyenipa umeneja. Baba Mdogo, kama unasoma hapa mbele ya watu, usiruke. Waambie wageni kwamba Shabani wa Chemchem ni mpagazi wa Maskati, anapanda ngazi na vitanda vya watoto wa watu mgongoni, na kwamba ni Mzaramo aliyemtambua.

Wazaramo mliopo hapo, nimewapa vya kutosha. Msiponitukana kwa haya, mna shida nyie.

Nisalimie Baba Mdogo Maganga, umshukuru kwa maneno ya nyuma ya jiko. Nisalimie Shangazi Tatu, mwambie bandarini hawakuiba kitu. Bi Mwanaidi mpe salamu zangu za heshima, na kama atakubali kuushika tena mwiko wa nyumba yetu siku hiyo, mimi huku nitajua kwamba watu wamekula. Zuhura mke wangu nimemwandikia yake, iko ndani ya bahasha hii, wewe usiifungue. Rama mbusu kwenye paji la uso, mwambie akijisukuma barazani aangalie mbele, asiangalie miguu.

Na wewe Mama, siku hiyo utakuwa nyuma ya pazia kama siku ile. Ninajua desturi, hutatoka, wala sikuombi utoke. Ila Mzee Kondo akiinuka na kuanza kuniponda, na ua ukiangua kicheko, tafadhali usiutazame ukuta kwa ajili yangu. Nilikikata kicheko chako katikati, Mama. Nakuomba umalizie.

Ni mimi mwanao,
Shabani